Msafara wa Saa Kumi na Moja na Nusu

Kwa miaka kumi na tisa aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha vigae, na katika miaka hiyo yote hakuna abiria wake aliyewahi hata kugonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Jambo hilo alilijua vizuri, na alilisema bila haya. Wengine hujisifia watoto, wengine nyumba. Yeye alijisifia breki. Aliikanyaga mapema, akaibana kidogo kidogo, hadi basi likasimama kama mtu anayeketi sebuleni kwake. Waliokuwa wakisinzia viti vya nyuma hawakuamka mpaka injini ilipozimwa.

Walimwita Mama Taratibu. Jina hilo lilianza kwa kejeli, siku za mwanzo, pale vijana wa zamu ya asubuhi walipompigia kelele akanyage mafuta, naye akawajibu kwa neno moja tu: taratibu. Miaka ikaenda, vijana wakawa baba za watu, na jina likageuka kuwa la heshima. Hata mumewe, seremala mwenye maneno ya kuhesabu, alimwita hivyo walipokuwa wawili tu, hasa akitaka kumwomba kitu.

Njia ya kwenda kiwandani ilikuwa kilomita kumi na moja. Ilianzia kwenye kituo cha mafuta cha mtaani kwao, ikapita mbele ya ghala la nafaka, ikakata kona kali, ikavuka daraja jembamba, kisha ikanyooka hadi getini. Ilikuwa barabara kuu, wala si ya kiwanda peke yake. Malori yenye matela yalipita hapo usiku na mchana yakihamisha mizigo kutoka mji hadi mji. Mama Taratibu aliijua barabara ile kama alivyolijua jiko lake. Alijua ni wapi lami imeanza kumomonyoka, ni wapi ukungu hutanda mvua ikinyesha, na ni dereva yupi wa lori hupenda kupiga honi bila sababu.

Kisha uchumi ukaharibika. Haukuharibika kwa kishindo. Watu waliacha kujenga, basi. Na watu wasipojenga hawanunui vigae. Bohari likajaa hadi maboksi yakapangwa uani chini ya maturubai. Zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja. Wafanyakazi mia tatu wakabaki mia na ishirini. Na siku moja meneja, mtu mpole aliyekuwa na kawaida ya kukohoa kila alipotaka kusema jambo baya, alimwita Mama Taratibu ofisini, akakohoa sana, halafu akamwambia kwamba basi limepata mnunuzi. Waliobaki kazini wangejitafutia wenyewe namna ya kufika.

Alizirudisha funguo kwa mkono wake. Kabla ya hapo alilifagia basi, akafuta vioo vyote, akachukua kimto alichokuwa akikikalia ili miguu ifikie pedali vizuri. Mnunuzi alilitoa basi getini kwa kulazimisha gia, likakoroma vibaya, na Mama Taratibu akageuza uso pembeni. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na unga wake ulikuwa umemwagika mbele ya macho yake.

Nyumbani alianza kumsaidia mumewe kupiga msasa viti, ingawa viti navyo havikuwa na wanunuzi. Kila siku saa kumi alfajiri macho yalifunguka yenyewe, miguu ikatafuta viatu, halafu akakumbuka. Mumewe alikuwa akimsikia akijigeuza kitandani. Alinyoosha tu mkono gizani na kumgusa bega.

Wakati huo barabara nayo ilikuwa inabadilika. Mafuta yalipanda bei, nauli za magari ya abiria zikapanda mara mbili, na wafanyakazi waliobaki kiwandani wakakumbuka baiskeli. Zilitolewa mvunguni, darini, kwenye mabanda ya kuku. Baba mwenye kitambi alionekana akiendesha baiskeli ya binti yake, magoti yakigonga usukani. Nyingi hazikuwa na breki. Mtu alisimama kwa kuburuza soli za viatu. Taa ndiyo kabisa, hakuna aliyezizungumzia. Na taa za barabarani zilizoungua hazikubadilishwa, maana ofisi ya barabara nayo ilikuwa imekaza mkanda. Ukingo wa lami ukaliwa na mashimo hadi wenye baiskeli wakalazimika kusogea katikati, kule kwenye malori. Na ndani ya malori alikaa dereva mmoja akifanya kazi ya wawili, kwa sababu kampuni za usafirishaji zilikuwa zimepunguza watu kama kila mtu mwingine.

Aliyemletea habari hizo mezani alikuwa binti yake, muuguzi wa chumba cha majeruhi katika hospitali kubwa. Alikuja siku moja kula nao, akakaa akiuzungusha uzungusha mkate mkononi bila kuuma. Alisema kwamba zamani walipokea mtu wa baiskeli labda mmoja kwa mwezi, na sasa kwa wiki wanapokea watatu, wanne. Akasema wengi wao wanakuja na vumbi jeupe kwenye nywele. Mama yake alielewa. Vumbi lile alikuwa amelifagia kutoka kwenye viti vya basi kwa miaka kumi na tisa.

Wiki mbili baadaye aliyeletwa na vumbi jeupe alikuwa Mzee wa Tanuri.

Huyu alikuwa msimamizi wa moto wa kuchomea vigae, mtu mrefu, mkimya, ambaye kwa miaka kumi na sita alikaa kiti cha kwanza nyuma ya dereva. Hawakuwahi kuwa na mazungumzo marefu. Yeye alipanda, akasema habari za asubuhi, akafungua gazeti la jana. Lakini siku asipokuwepo, Mama Taratibu alihisi basi limelalia upande mmoja.

Alimkuta wodini, mguu umefungwa vyuma na kuning'inizwa. Alimpa pole, akaketi, akamwuliza ilikuwaje. Mzee wa Tanuri alimweleza bila kutia chumvi. Lori lilikuwa limesimama kwenye kona ya ghala la nafaka likisubiri kukunja. Yeye akaona nafasi pembeni, upande wa abiria, akapenyeza baiskeli yake. Lori likakunja.

"Nilidhani ananiona," alisema. "Vioo vikubwa vile, mtu asinione?"

Mama Taratibu alisogeza kiti karibu na kitanda. Kisha akamwambia ukweli.

"Hakuoni, mzee wangu. Ukiwa hapo hakuoni hata ungekuwa tembo. Kioo hakifiki. Hata mimi kwenye basi upande ule nilikuwa nakwenda kwa kubahatisha na kwa kumwomba Mungu."

Mzee wa Tanuri aligeuza kichwa juu ya mto, akamtazama. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Sasa mbona hukuwahi kutuambia?"

Mama Taratibu alimsawazishia shuka, akaaga. Alirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa nzima, na swali lile likitembea naye bega kwa bega. Ni kweli hakuwahi kuwaambia. Angewaambia ya nini, wakati kazi ya kuona ilikuwa yake yeye na wao walikuwa wamelala? Lakini sasa watu wake wako chini, kwenye lami, gizani, na kila alichokijua kuhusu barabara ile kimekaa nyumbani kinapiga msasa viti. Alipofika mlangoni alimwambia mumewe kwamba anataka baiskeli.

Mumewe aliweka randa chini. Alimwuliza ya nini. Akajibu kwamba ni ya kwendea kiwandani. Akaulizwa kiwandani kuna nini siku hizi. Akasema kuna watu wake. Seremala alilitafakari jibu hilo, akaenda kwa fundi baiskeli wa jirani, akampelekea meza imara ya kufanyia kazi, akarudi na baiskeli nyekundu yenye breki mpya mbele na nyuma.

Kulikuwa na tatizo moja: Mama Taratibu hakujua kuendesha baiskeli. Udogoni baiskeli ya nyumbani ilikuwa ya kaka zake. Mtu aliyekuwa akilipitisha basi la abiria sitini na wawili kwenye daraja jembamba bila kukwaruza rangi, sasa alishindwa na magurudumu mawili. Mumewe alikimbia nyuma yake ameshika kiti, akihema, na majirani wakatoa vigoda nje kutazama sinema ya bure. Siku ya kwanza aliingia kwenye kamba ya nguo za jirani akatoka amevaa shuka. Siku ya pili aligonga pipa la maji. Jirani mmoja alimshauri aweke tangazo kwamba basi limepata ajali. Alicheka pamoja nao, akapangusa goti, akapanda tena. Siku ya sita, alipogeuka kumwambia mumewe asimwachie, alimwona amesimama mbali kule, mikono kiunoni, anatabasamu.

Alimtuma dada mmoja wa ukaguzi, mwanamke mwenye kauli nzito aliyekuwa akipima vigae kama vimenyooka, apeleke habari kiwandani. Habari yenyewe ilikuwa fupi: kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri, kituo cha mafuta, muda ule ule wa basi. Anayetaka kwenda salama aje.

Walikuja wanane. Mama Taratibu alikuwa amefika mapema, amesimama chini ya taa ya kituo na mkononi kitambaa cheupe alichokuwa akifutia vioo vya basi. Aliwasalimia, halafu akaanza kukagua baiskeli moja moja. Alibana breki, akasukuma gurudumu, akatikisa usukani. Wawili hawakuwa na breki. Aliwaambia hawaendi naye mpaka wazitengeneze.

Mmoja wao, mchanganya udongo mwenye mabega mapana, alikasirika. Alisema hana muda wa kuchezewa, kwamba amekuja hapo kwa hiari yake, na kwamba yeye si abiria wa mtu.

"Mama, basi liliuzwa," alimwambia. "Hukusikia?"

"Basi liliuzwa," Mama Taratibu akamjibu. "Dereva hakuuzwa."

Hakupandisha sauti. Mchanganya udongo aliondoka peke yake akiburuza viatu, yule mwingine asiye na breki akaenda kutafuta fundi, na wale sita waliobaki wakajipanga nyuma ya baiskeli nyekundu. Aliwapa masharti yake wakiwa bado wamesimama. Watembee wawili wawili panapokuwa na nafasi, mmoja mmoja kwenye kona. Asiwepo wa kujipenyeza pembeni mwa gari kubwa, hata kama limesimama, hata kama wamechelewa, hata kama dereva wake ni shemeji yako. Wa nyuma kabisa abebe taa nyekundu. Na mwendo utakuwa wa yule aliye mzito kuliko wote. Mmoja akauliza mwendo huo unaitwaje, na wote wakajibu kwa pamoja, na ndivyo walivyoondoka siku hiyo, wanacheka.

Wiki iliyofuata walikuwa kumi na wanne. Mchanganya udongo alirudi siku ya nne, akiwa na breki mpya na uso wa mtu asiyetaka kuulizwa. Hakuulizwa. Alipewa taa nyekundu abebe nyuma, kwa kuwa mabega yake yalionekana kutoka mbali, na tangu siku hiyo ukitaka kumchokoza, jaribu kuigusa taa ile.

Mama Taratibu alikwenda pia kwa meneja. Alikuwa amesikia kwamba bohari bado lina fulana za njano za wale mia na themanini waliopunguzwa, zile zenye mistari inayong'aa taa zikiipiga. Meneja alikohoa, akaanza kueleza habari za mali ya kampuni. Yeye akamwambia tu kwamba Mzee wa Tanuri hakuwa na fulana siku ile. Meneja alisukuma kiti nyuma, akasimama. Kisha akachukua funguo za bohari, akaenda kuzitoa mwenyewe, akazibeba kifuani marundo mawili mawili hadi getini, na safari hiyo hakukohoa.

Kufikia mwezi wa tatu walikuwa arobaini na kitu. Lakini malori yalibaki tatizo. Madereva waliokuwa nyuma yao walipiga honi hadi masikio yakaziba, wakapita kwa kubana, upepo wa tela ukawasukuma watu mtaroni. Asubuhi moja dada wa ukaguzi alitumbukia kwenye majani pamoja na chakula chake cha mchana. Hakuumia, ila aliyoyasema kuhusu dereva yule hayafai kuandikwa.

Wenzake walitaka waende polisi. Mama Taratibu aliwaomba wampe siku moja. Alipanda baiskeli yake, akaenda kwenye yadi ya malori nje ya mji, akatafuta lori lenye tela la buluu ambalo alilijua. Dereva wake aliitwa Kidevu, kwa sababu zinazoonekana. Miaka kumi na miwili nyuma Kidevu alikuwa mfagiaji wa kiwanda, na aliyemfundisha kushika usukani, uani baada ya zamu, alikuwa yeye.

Alimkuta ndani ya kichwa cha lori, mchana kweupe, amelalia usukani, mdomo wazi. Hakumwamsha. Alikaa kwenye ngazi ya lori karibu nusu saa, hadi alipoamka mwenyewe na kumwona, akashtuka, akashuka haraka kumsalimia kwa adabu zote.

Walizungumza wamekaa juu ya tairi kuukuu. Kidevu hakujitetea sana. Alimweleza kwamba zamani walikuwa wawili ndani ya lori, mmoja akiendesha mwingine akipumzika. Sasa yuko peke yake, na zile safari zilizokuwa za wiki anazifanya kwa siku nne. Breki anazilalamikia tangu mwaka jana na anaambiwa avumilie. Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Anafika kwenye ile kona macho yanawaka kama yametiwa pilipili, halafu ghafla mbele yake kuna watu.

"Nikiwaona nashukuru," alisema. "Ninachoogopa ni wale nisiowaona. Mama, mimi naogopa barabara ile kuliko wao."

Mama Taratibu alimtazama mtu huyu mzima mwenye mikono mikubwa, akaelewa kwamba kilichomtoa yeye kwenye usukani ndicho kilichombana Kidevu asitoke. Alimwambia kwamba hakuja kugombana. Alitaka jambo moja: Jumapili ijayo, lori lake limesimama hapo yadini, na madereva wenzake wowote atakaoweza kuwaleta.

Walikuja madereva tisa. Wenye baiskeli walikuja thelathini na wanne, wengine na wake na waume zao, wamevaa fulana za njano kana kwamba ni sare ya kanisa. Makundi mawili yalisimama mbali mbali kama ndugu wa bibi harusi na wa bwana harusi wasioelewana.

Mama Taratibu alimwita mchanganya udongo, akampandisha kwenye kiti cha Kidevu. Kisha akawapanga watu watano na baiskeli zao pembeni mwa lori, upande wa abiria, karibu kabisa, fulana zinawaka jua la saa nne. Akamwambia yule wa juu atazame vioo vyote, bila haraka, aseme anaona watu wangapi.

Mchanganya udongo alitazama. Akainama, akatazama tena. 

"Wameondoka?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Wengine walipanda mmoja mmoja baada yake, hata wale watano, wakipokezana na wenzao nafasi ya chini, kila mmoja akatazama kwenye vioo akakuta mahali patupu, halafu akashuka akawakuta watu watano wamesimama pale pale. Wengine walishuka wameshika midomo. Dada wa ukaguzi, ambaye kazi yake ilikuwa kuona kasoro ndogo kuliko unywele, alikaa juu kule muda mrefu kuliko wote.

Kisha ikawa zamu ya madereva. Aliwapa baiskeli, akawaambia waende kando ya ukuta wa yadi, mmoja mmoja, na Kidevu awapite kwa tela mwendo ule wa kila siku na kwa nafasi ile ya kila siku. Dereva wa kwanza alikuwa jitu la mtu, mcheshi, aliyekuwa akiwatania wenye baiskeli tangu asubuhi. Lori lilimpita likiwa umbali wa mkono. Aliyumba, akagonga ukuta kwa bega, akasimama.  Aliwaambia wenzake hakujua kwamba upepo wa tela unasukuma namna ile.

Hawakuandikiana mkataba siku hiyo. Walikubaliana kwa mdomo tu kwamba kati ya kona ya ghala na mwisho wa daraja, lori halitaupita msafara. Litakaa nyuma, dakika nne au tano, hadi barabara ipanuke. Na wenye baiskeli wakiona lori linataka kukunja, watasimama nyuma yake, kamwe si pembeni. Kisha mmoja wa madereva akatoa birika, wake wa wafanyakazi wakafungua vyakula, na yale makundi mawili yakachanganyika.

Makubaliano ya mdomo huwa mepesi hadi yatiwe kwenye mizani, na hayo yalitiwa mwezi mmoja baadaye. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa nyembamba na ukungu ulikuwa umekaa juu ya mto. Msafara ulikuwa umeingia darajani, watu arobaini na watatu, mmoja mmoja, Mama Taratibu mbele. Daraja lile halikuwa na nafasi salama ya baiskeli na lori kwa pamoja; mtu akibanwa pale, kilichobaki ni maji. Ndipo aliposikia nyuma yake honi asiyoijua, ndefu, ya dereva mgeni mwenye haraka, na mngurumo wa gari linalojiandaa kupita.

Kugeuka hakuweza. Alishika usukani, akaendelea na mwendo ule ule, akiwaza kwamba nyuma yake kuna watu arobaini na wawili ambao yeye ndiye aliyewaambia waje. Kisha akasikia sauti nyingine: injini aliyoijua, ikipandishwa gia kwa utulivu, bila kulazimisha. Kidevu alikuwa nyuma ya msafara, mbele ya yule mgeni. Alilileta tela lake katikati kabisa ya daraja, akawasha taa zote za kumeta, akatembea mwendo wa baiskeli. Yule mgeni alipiga honi hadi akachoka. Hakukuwa na pa kupita. Upande wa pili barabara ilipopanuka, Kidevu alimwachia yule mgeni njia, na yeye mwenyewe alipompita Mama Taratibu alipunguza mwendo, akagusa paji la uso kwa vidole viwili. Alikuwa amepandisha gia namna ile ile aliyofundishwa uani. Mama Taratibu alilia kidogo, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, hakujificha.

Mwaka ulipotimia binti yake alikuja tena kula nao. Safari hii alikula. Alisema amepekua kitabu cha chumba cha majeruhi, ukurasa kwa ukurasa, na kwamba watu wa baiskeli bado wanaletwa kutoka barabara nyingine za mji, ila kutoka msafarani, tangu ulipoanza, wameletwa wawili tu: mmoja alijikata kidole kwenye cheni, na mwingine aliumwa na mbwa. Alimwambia mama yake kwamba hospitalini wenzake wameacha jina lake, humwita mtoto wa Mama Taratibu, naye hawasahihishi. Seremala alimpigia mkewe makofi matatu, polepole, akaendelea kula.

Habari zilifika hata ofisi ya barabara. Walipopata bajeti ndogo, walimtuma mhandisi kijana, mwanamke aliyevaa buti zilizomzidi, aje aone ni wapi paanzwe. Mama Taratibu alitembea naye kilomita zote kumi na moja. Alimwonyesha mashimo kwa mpangilio wa ubaya, akamwonyesha ni wapi ukingo uongezwe na ni wapi malori yasimame nyuma ya mstari ili baiskeli zikae mbele yao, mahali zinapoonekana. Mhandisi aliandika kila kitu. Mwishoni alitoa fomu, akamwomba radhi, akasema anatakiwa kujaza jina la mtoa maelezo na kazi yake. Alisubiri, kalamu hewani, labda akitarajia kuandika mama wa nyumbani.

"Dereva," alisema Mama Taratibu.

Mhandisi aliandika. Kabla mvua za mwaka ule hazijaanza, mafundi walikuja na lami na rangi nyeupe, na mistari ikachorwa pale pale alipokuwa amenyoosha kidole.

Kiwanda kilirudisha zamu ya pili. Basi halikurudi, wala hakuna aliyeliulizia sana. Mzee wa Tanuri alirudi kazini kwa fimbo, akapangiwa kazi ya kufundisha wengine moto, naye hupelekwa kila siku kwenye baiskeli ya magurudumu matatu aliyoundiwa na seremala na fundi baiskeli, katikati ya msafara, na gazeti la jana mapajani. Kiwanda cha sabuni cha mji wa pili kilituma watu watatu wajifunze namna ya kuanzisha wao. Walikaa wiki nzima, na wa kwanza kuwafundisha alikuwa Kidevu, ndani ya lori lake, kwenye vioo.

Mwezi uliopita Mama Taratibu alishikwa na homa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukosa. Alimpa dada wa ukaguzi nafasi ya mbele, akameza dawa, akaambiwa alale. Hakulala. Saa kumi na moja na robo alijifunga shuka mabegani, akatoka na mumewe hadi kwenye kona ya mtaa wao, pale msafara unapopita ukitoka kituo cha mafuta, akasimama kando kama mtu anayesubiri gari.

Kwa muda wote huo alikuwa mbele. Alikuwa ameusikia msafara nyuma yake kila siku, matairi, cheni, mtu akikohoa, mtu akisimulia ndoto, lakini hakuwahi kuuona. Sasa aliuona ukija. Dada wa ukaguzi alitokea kwanza, mgongo umenyooka, na nyuma yake taa zikaendelea kutokea gizani, mbili mbili, kwa mwendo wa yule aliye mzito kuliko wote. Walipomwona, hawakupiga kelele. Kila aliyempita aligusa kengele yake mara moja.

Alihesabu. Mumewe alimwuliza kitu, akamwinulia mkono anyamaze asije akampotezea hesabu. Arobaini, hamsini, sitini na moja. Hakusikia soli ya kiatu hata moja ikiburuzwa kwenye kona ile. Wa mwisho alikuwa mchanganya udongo na taa yake nyekundu, mabega mapana kama kabati. Mama Taratibu alisimama pale hadi ile nukta nyekundu ilipoingia kwenye mwanga wa ghala la nafaka.

"Wote wana breki," alimwambia mumewe, na wakageuka kurudi nyumbani.